Bano za Kizamani: Venye Wakusanyaji Huzitambua na Kuzipa Majina

Kama ulikulia mtaani, bano unaijua vizuri. Unachora shimo kwa mchanga, unapiga goti, unalenga, na ukikosa mwenzako anachukua zako zote anaenda nazo kwao. Zikipotea, mathe anakununulia zingine kwa duka na maisha yanaendelea.

Sasa cheki hii. Kuna wasee huko Marekani, Uingereza na Ujerumani ambao bano moja ya kioo, saizi ya jicho la mbuzi, wanaweza kuilipia mamia ya dola. Zingine hufika maelfu. Na bano ingine ya saizi hiyo hiyo, rangi zinazokaribiana, miaka inayokaribiana, haiwezi hata kukununulia soda. Tofauti ya hizo mbili ni jina. Anayejua jina anakula, asiyejua anakulwa.

Ndio maana tumekuandikia hii. Kama unapenda kuuza na kununua vitu vya kale mtandaoni, kama kuna mtu wa familia yako majuu anaenda kwa masoko ya mitumba, ama wewe ni wa kupenda tu kujua vitu, soma mpaka mwisho. Ukimaliza utaweza kushika bano ya kizamani na kusema imetoka wapi, ilitengenezwa vipi, na inaitwaje.

KWANZA KABISA: USIANGALIE RANGI

Hapa ndio wengi huanguka. Mtu anaona bano nyekundu na nyeupe, anakimbia kutafuta jina la bano nyekundu na nyeupe. Zii. Rangi inakuja mwisho. Wakusanyaji wanaanza na swali moja: hii kitu ilitengenezwa na mkono ama na mashine?

Jibu liko kwa ngozi ya bano yenyewe. Izungushe polepole karibu na taa, ukitafuta kovu.

Bano ya mkono ilikatwa kutoka kwa fimbo ndefu ya kioo kikiwa bado moto. Pale ilipokatwa panabaki alama, ka kidoa kalikokwaruza au kalikosagwa kidogo. Wakusanyaji wanaiita pontili. Bano nyingi za mkono ziko na pontili mbili, moja kila upande, kama ncha za dunia kwa ramani. Zingine ziko na moja tu, juu zilitengenezwa moja moja kwenye ncha ya chuma au zilikuwa za mwisho kwa fimbo.

Bano ya mashine haina pontili. Badala yake unaweza kupata mshono, yaani mstari mahali mkasi wa mashine ulikata kioo kabla kizungushwe kwa roli. Wakati mwingine mshono ni laini sana hadi unauona tu kwa kufuata rangi: unaona utepe unafika mahali, unakatika ghafla au unajikunja.

Ukishajua hilo, nusu ya kazi imeisha.

ZA MKONO: UJERUMANI, MJI WA LAUSCHA

Bano nyingi za mkono ambazo wakusanyaji wanazitafuta zilitoka Ujerumani, hasa mji wa Lauscha, eneo la Thuringia. Huko watu walikuwa mafundi wa kioo tangu kitambo. Katika miaka ya 1840 wakapata mkasi maalum wenye kikombe kidogo kwa ncha. Fundi anachukua fimbo ya kioo moto, anaibana kwa hicho kikombe, anaizungusha, inakuwa mviringo, halafu anakata. Ghafla bano zikaanza kutoka nyingi na haraka, na zikasafirishwa hadi Marekani. Biashara hiyo ilivurugika Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, na viwanda vya Marekani vikachukua soko.

Rangi za ndani ziliwekwa aje? Fundi alipanga vijiti vya kioo cha rangi, akavifunika na kioo wazi, akavuta na kusokota. Ule msokoto ndio unaona ndani ya bano. Ndio maana nyingi zinaitwa Swirl, na majina yake yanategemea kile kiko katikati:

Latticinio. Katikati kuna nyuzi nyembamba zilizosokotwa kama wavu. Wavu mweupe ni wa kawaida. Wa njano ni adimu kiasi. Mwekundu ni nadra kabisa, ukiona mtu anauza hiyo kwa bei ya hasara, shtuka.

Solid Core. Katikati kumejaa rangi bila nafasi, kama mshumaa ndani ya kioo.

Divided Core. Rangi zimegawanyika kwa tepe tatu, nne au zaidi, na kati ya tepe unaona kioo wazi.

Ribbon Core. Kuna utepe mmoja mpana au miwili, umejipinda kama kitambaa kwa upepo.

Joseph's Coat. Jina limetoka kwa ile kanzu ya Yusufu ya rangi nyingi kwenye Biblia. Nyuzi za rangi nyingi zimebanana karibu na ngozi ya bano.

Halafu kuna zingine ambazo hazifuati mambo ya katikati:

Onionskin, yaani ganda la kitunguu. Hapa fundi alibingirisha kioo kwa vipande vidogo vya rangi, halafu akavuta. Vile vipande vikarefuka, vikafunika ndani yote, hadi inakaa kama maganda ya kitunguu.

Indian. Kioo cheusi kisichopitisha mwanga, na juu yake mistari ya rangi kali.

Clambroth. Kioo cha maziwa na mistari mingi myembamba iliyopangwa kwa nafasi sawa. Inakaa nadhifu kama shati ya ofisi.

Mica. Ndani kuna vipande vya madini ya maika vinavyong'aa kama fedha.

Lutz. Hii iko na utepe unaometa kama dhahabu. Usidanganyike, hakuna dhahabu hapo. Ni vipande vidogo vidogo vya shaba ndani ya kioo, kinaitwa aventurini.

Sulphide. Hii ndio huwa inashangaza watu. Kioo wazi, mara nyingi bano kubwa, na ndani kuna sanamu ndogo: simba, ndege, mbwa, wakati mwingine mtu. Sanamu inakaa kama ya fedha, lakini ni nyeupe kama udongo wa chokaa. Ule mng'ao unatokana na hewa nyembamba iliyonasa kati ya sanamu na kioo. Nyingi ni za wanyama kwa kioo wazi. Ukipata yenye kioo cha rangi, hiyo ni habari ingine.

ZA MASHINE: OHIO NA WEST VIRGINIA

Akron, Ohio, ndio mji wa pili unafaa kuujua. Huko, msee anaitwa Martin Frederick Christensen alipata hataza ya mashine ya kuviringisha mipira ya kioo mwaka 1905. Kampuni yake, M.F. Christensen & Son, ilifanya kazi hadi 1917.

Ila hiyo mashine ilikuwa nusu tu. Mfanyakazi bado alichota kioo kwa chuma na mkono wake, akakiacha kidondoke, mwenzake akakata, ndio mashine ikaviringisha. Huo mwendo wa mkono uliacha saini. Kwa bano zao zinazoitwa Slag, ambazo ni kioo cha rangi kilichochanganywa na nyeupe, angalia juu: utepe mweupe unajikunja kama nambari 9. Upande wa chini kuna mkia mahali kioo kilikatwa. Ukiona 9 na mkia, hapo uko karibu na nyumba.

Walitengeneza pia Brick, yaani tofali: rangi nzito ya damu ya ng'ombe imechanganyika na nyeupe au nyeusi. Hiyo rangi, Oxblood, ikumbuke. Ni nyekundu iliyokolea, haipitishi mwanga hata kidogo, na mara nyingi iko na vimistari vyeusi ndani yake. Wauzaji hupenda kuita kila nyekundu Oxblood, juu jina hilo linapandisha bei. Weka taa nyuma. Kama nyekundu inapitisha mwanga, mwambie asante na uende.

Akro Agate. Hii ilianza Akron mwaka 1911, ikahamia Clarksburg, West Virginia mwaka 1914, na ikafunga 1951. Kitu chao maarufu ni Corkscrew, yaani kizibuo. Utepe wa rangi unapanda ukizunguka bano kutoka ncha moja hadi nyingine, kama ngazi za kuzunguka. Mashine zao zilikuwa zinazungusha kioo kabla kikatwe, ndio huo msokoto ukatokea. Corkscrew maarufu zaidi inaitwa Popeye: kioo wazi chenye nyuzi nyeupe ndani, pamoja na rangi mbili zingine. Kwa nini Popeye? Juu ziliuzwa kwa maboksi yenye picha ya yule baharia wa katuni.

Peltier Glass. Hawa walikuwa Ottawa, Illinois. Usichanganye na Ottawa ya Kanada. Bano zao za National Line Rainbo ziko na tepe nne au sita zinazokutana kwa mishono miwili, na hapa ndio majina yanakuwa matamu:

Superman: kioo cha buluu, tepe nyekundu na njano.
Liberty: nyeupe, na nyekundu na buluu.
Christmas Tree: nyeupe, na nyekundu na kijani.
Ketchup and Mustard: nyeupe, na nyekundu na njano. Si unaona chipsi hapo?
Rebel: nyeupe, na nyekundu na nyeusi. Ikiwa msingi ni njano, inaitwa Golden Rebel.
Zebra: nyeupe na nyeusi, kama punda milia wa Nairobi National Park.
Bumblebee: njano na nyeusi.
Wasp: nyekundu na nyeusi.
Tiger: rangi ya machungwa na nyeusi.

Peltier walitoa pia bano zenye picha za katuni zilizochomwa juu ya kioo, wahusika 12 kwa jumla, akiwemo Betty Boop. Hizo ni za wasee wako na doo.

Christensen Agate. Jina linafanana na la yule Martin lakini ni kampuni tofauti kabisa. Ilianzishwa 1925 huko Ohio, na mapema miaka ya 1930 ilikuwa imefunga. Maisha mafupi, jina refu. Rangi zao zilikuwa kali hadi wakusanyaji wanaziita za umeme. Hawa ndio walitoa Guinea.

Na hapa Afrika inaingia. Guinea imepewa jina la guinea fowl, yule ndege tunamuita kanga. Ni kioo wazi au cha rangi, kimerushiwa madoa ya rangi nyingi juu, kama manyoya ya kanga. Kwa hivyo ndege wa hapa kwetu, ambaye pia tunasimulia ndiye alipeana jina kwa leso ya kanga, ndiye jina la moja ya bano za mashine zinazotafutwa sana duniani. Madoa yakiwa ndani ya kioo badala ya juu, jina linabadilika linakuwa Cobra. Tofauti ni hiyo tu, juu au ndani. Ila kwa mnunuzi, hiyo tofauti inabadilisha bei.

Marble King. Hii ni ya baadaye, ya 1949, na makao yake ni Paden City, West Virginia. Bano zao za Rainbow ziko na rangi mbili: moja kwa ncha zote mbili na mshipi katikati, ingine kati yake. Njano na nyeusi ni Bumblebee. Nyekundu na nyeusi ni Wasp. Nyekundu na buluu ni Spiderman. Nyekundu na kijani ni Watermelon, tikiti maji.

Ngoja kidogo. Bumblebee si tuliisema kwa Peltier? Enyewe. Kuna Bumblebee ya Peltier na Bumblebee ya Marble King. Rangi moja, jina moja, kampuni mbili, bei mbili. Ndio tukasema uanze na ujenzi wa bano kabla ya rangi. Mtu akikuambia anauza Bumblebee, swali lako la kwanza ni: ya nani?

NA ZILE ZETU ZA MTAA?

Zile bano za kioo wazi na ka jani ka rangi ndani, unazikumbuka? Jina lake la dunia ni Cat's Eye, jicho la paka. Zilitoka Japani, na mwanzo wa miaka ya 1950 zikamwagwa Marekani kwa bei ya chini sana. Watoi wakazipenda, viwanda vya Marekani vikaumia, vikalazimika kutengeneza zao. Peltier walitoa yenye jani moja nono, wakusanyaji wakaiita Banana, yaani ndizi.

Tukuambie ukweli usijipe presha: Cat's Eye ya kawaida haina bei. Zilitengenezwa nyingi mno, na bado zinatengenezwa. Kiwanda cha Vacor de Mexico, kilicho Guadalajara, kinatoa bano kwa wingi hadi leo. Kwa hivyo ukiona msee kwa mtandao anauza kopo la Cat's Eye akisema ni hazina ya ukoloni, muachie mwenyewe.

Kuna bano zingine za kijani hafifu au buluu ya maji, hazina urembo wowote. Hizo mara nyingi zilitoka kwa shingo ya chupa. Muingereza Hiram Codd, miaka ya 1870, alibuni chupa ya soda inayozibwa na bano: gesi inaisukuma juu, inabana mdomo wa chupa. Watoi wa Uingereza walikuwa wanavunja hizo chupa wapate bano. Huko India soda ya chupa kama hiyo bado inauzwa, na wanaiita banta.

MAJINA YANATOKA WAPI?

Hapa ndio kuna siri ya mchezo wote. Ukijua jina limetoka wapi, unajua uliamini kiasi gani. Kuna njia nne.

Njia ya kwanza, kampuni yenyewe. Peltier waliandika National Line Rainbo. Akro wakaandika Agate kwa jina la kampuni, juu walitaka kioo chao kikae kama jiwe la akiki, ambalo Wajerumani wa Idar-Oberstein walikuwa wanachonga bano kitambo. Majina haya unaweza kuyahakikisha kwa maboksi na matangazo ya zamani.

Njia ya pili, umbo. Corkscrew, Ribbon Core, Onionskin. Haya yanakuambia unachokiona. Ni salama.

Njia ya tatu, wakusanyaji wenyewe, miaka mingi baadaye. Superman ni mfano safi. Peltier hawakuuza bano inayoitwa Superman. Superman mwenyewe alitokea kwa vitabu vya katuni mwaka 1938, na tepe za Rainbo zilikuwa zimeanza kabla ya hapo. Watu waliona rangi za suti yake kwa kioo, jina likashika. Ni kama venye mtaa hupea matatu jina ambalo mwenye gari hakuandika.

Njia ya nne, makosa yaliyozoeleka. Lutz imepewa jina la Nicholas Lutz, fundi wa kioo aliyefanya kazi Sandwich, Massachusetts, aliyesifika kwa kutumia kile kioo cha shaba. Watu wakadhani bano hizo ni zake. Zilikuwa za Ujerumani. Vilevile kuna bano za udongo zilizopakwa rangi ya kahawia au buluu zinaitwa Bennington, kwa sababu zinafanana na vyombo vya mji wa Bennington, Vermont. Nazo pia zilitoka Ujerumani. Majina yalibaki, juu kila mtu alikuwa ameshayazoea.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia, "Hii ni Lutz original kutoka Marekani," ushajua anaongea asichojua. Anaweza kuwa hana nia mbaya. Lakini doo ni yako.

SAIZI NA HALI

Jina peke yake halitoshi. Kuna mambo mawili yanapandisha ama kushusha.

Saizi. Wakusanyaji wanapima kwa sehemu za inchi. Bano ya kawaida ya mashine ni inchi 5/8, kama milimita 16. Chini ya inchi 1/2, karibu milimita 13, inaitwa Peewee. Kuanzia inchi 3/4, milimita 19, ni Shooter, ile sisi tunalenga nayo. Za mkono zinaweza kuzidi inchi 2. Kwa aina moja, saizi isiyo ya kawaida huvuta bei juu.

Hali. Wengi wanatumia alama hadi 10. Kutoka 9.0 kwenda juu ni Mint, yaani kama imetoka kiwandani leo. 8.0 hadi 8.9 ni Near Mint, iko na mkwaruzo mdogo tu. 7.0 hadi 7.9 ni Good, imechezwa lakini bado inaonyesha ndani. Chini ya hapo inaitwa Collectible, unaweka kwa kabati mpaka upate bora.

Kumbuka si kila dosari ni jeraha. Mkunjo uliotokea kioo kikipoa kiwandani si sawa na ufa wa kugongwa. Pitisha ukucha juu yake. Jeraha la kugongwa mara nyingi liko na ukingo unaokamata ukucha, au alama ya mwezi mchanga chini ya ngozi.

VENYE WASEE HUCHEZWA

Biashara yoyote iko na wajanja. Hizi ndizo njia zao.

Kusugua. Mtu anachukua bano iliyochakaa, anaisaga na kuing'arisha hadi inakaa mpya. Inapendeza, lakini ngozi ya asili imeenda, na kwa za mkono pontili inaweza kupotea kabisa. Bei inaanguka. Ukiona bano eti ni ya miaka 130 iliyopita na inateleza kama kioo cha simu, bila mkwaruzo, bila pontili, uliza maswali.

Na hii inakuhusu hata wewe: ukipata bano za zamani, usizisugue. Maji vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Basi.

Kuiga. Kuna mafundi wa leo wanaotengeneza Onionskin na Swirl safi sana kwa mkono. Wengi ni wasanii waaminifu na huweka sahihi chini ya bano. Shida ni pale mtu wa tatu anasaga ile sahihi na kusema ni ya Lauscha. Mahali pa sahihi patakuwa laini kuliko kwingine kote.

Picha za uongo. Zile bano za katuni za Peltier huigwa kwa kubandika picha mpya kwa bano ya zamani. Picha halisi ilichomwa kwa moto ikashikana na kioo. Ya bandia unaweza kuihisi kwa kidole au kuona ukingo wake.

Tochi ya UV. Kuna kioo kilichochanganywa na urani, kinang'aa kijani ukikimulika na tochi ya UV kwa giza. Wauzaji hufanya hiyo video, watu wanapiga mayowe kwa comments. Ni kweli inang'aa, na ni poa kuangalia. Lakini kioo cha urani kinatengenezwa hata leo. Kung'aa hakuthibitishi umri.

Boksi. Boksi la zamani likiwa na bano zake za asili lina thamani sana, wakati mwingine kuliko bano zenyewe. Kwa hivyo kuna watu wanaweka bano za kawaida kwa boksi la kweli. Angalia kama bano zilizo ndani ni za kampuni iliyoandikwa juu.

HATUA SITA UKISHIKA BANO

Hii weka screenshot.

1. Tafuta pontili. Ukipata, ni ya mkono. Hesabu ni ngapi.
2. Hakuna pontili? Tafuta mshono au mkia. Ni ya mashine.
3. Angalia kioo cha msingi: ni wazi, cha rangi, ama hakipitishi mwanga? Tumia taa kutoka nyuma.
4. Fuata muundo: wavu, utepe, kizibuo, madoa, jani. Umeanzia wapi, umeishia wapi?
5. Sasa angalia rangi. Hapa ndio jina kamili linapatikana.
6. Pima saizi, halafu angalia hali. Hapo ndio unaongea bei.

Ukifuata huo mpangilio, utakataa uongo mwingi bila hata kufungua kitabu. Na ukikwama, piga picha nne: ncha mbili na pande mbili, mchana, bila flash. Picha moja ya mbele haitoshi kumpa mtu yeyote jina la uhakika, na mtaalamu anayekupa jina kwa picha moja yenye ukungu anabahatisha.

KWA HIVYO NIFANYE NINI?

Kama unataka kuomoka na bano kesho, tulia kwanza. Bano nyingi duniani ni za kawaida, na za bei ni chache. Lakini watu wengi wamezirithi bila kujua, wakazipea watoi wachezee kwa lami au wakaziuza kwa kilo. Msee anayejua tofauti ya Guinea na Cobra, ya Peltier na Marble King, anaweza kutoa moja ya maana kwa kopo ambalo wengine wote wamepita.

Anza kidogo. Nunua za bei ya chini za kampuni tofauti, uzishike, uzizungushe, ujifunze mishono kwa vidole. Wakusanyaji wazuri hutambua Akro na Peltier kabla hata hawajafikiria jina. Na ukiwa na shangazi ama binamu anayeishi Ohio au West Virginia, mtumie hii makala leo. Mwambie akipita mnada wa vitu vya zamani acheki makopo ya bano, na asisugue kitu.